Msumari wa Mkate

Mlangoni mwa nyumba ya bibi yangu Calogera,
mtaa wa Ybor, mjini Tampa,
upo msumari hadi leo.
Umekula kutu. Wapita njia hudhani
ni wa kutundikia kofia.
Ulikuwa wa mkate.

Alfajiri mwokaji alipita na mkokoteni,
akachomeka mkate mrefu kama mkono wa mtu mzima,
bado unafuka, akaenda zake bila hodi.
Hakuna aliyeiba, bibi alisema.
Hapo alitia chumvi:
mjomba Nofrio aliwahi kuiba mitatu kwa siku moja
akakutwa nyuma ya kanisa, makombo hadi kwenye nyusi.

Mkate ule haukupasuliwa mgongo kwa kisu.
Mwokaji alilaza ukindu mbichi juu ya donge la unga.
Unga ukaumuka, ukindu ukakauka,
na mle tanurini mpasuko ukafunguka wenyewe,
mfano wa mdomo wa mtu
aliyetaka kusema neno, akasita.

Basi nani aliyeibuni, hii sandwichi?
Mezani kwetu swali hilo limevunja uchumba mmoja
na sahani nne.

Yetu, alisema Remigio, msokota sigara kutoka Santiago.
Nyama yetu ya nguruwe hulala usiku kucha
ndani ya maji ya machungwa machungu
na kitunguu saumu, ikiamka haijijui.
Belarmino, Mwasturia mwenye duka la kona,
aligonga kaunta: na paja langu la chumvi je?
Lilining'inia darini miezi kumi na minne
likitazama mnavyokopa!
Bibi, binti wa Sisilia, hakujibu.
Alikata salami nyembamba
hata ukaweza kuona saa ukutani kupitia kwake,
pilipili manga zimo nzima nzima, macho meusi,
akaipanga juu ya nyama zao wote wawili.

Mzee Lemkow alivuka bahari kutoka Romania
na hakuonja nguruwe maisha yake yote.
Lakini haradali ilikuwa yake,
na matango ya siki, pipa kwa pipa, yalikuwa yake.
Adhuhuri alisimama kizingitini
akizitazama sandwichi zikipita na mali yake tumboni.
"Mimi nimo," alisema, "na simo."

Kiwandani, watu mia mbili waliinamia tumbaku
huku msomaji, juu ya kiti kirefu,
akiwasomea riwaya kwa sauti.
Walimlipa kwa senti zao wenyewe.
Kengele ilipolia walikata mkate
kwa kisu kilekile cha kukatia majani,
na wakala wakibishana
kama yule mjane wa sura ya tisa ataolewa au la.
Jina la chakula chao halikuwa na nchi.
Waliiita mseto, basi.

Jibini yenye matundu sijui ilitoka wapi.
Kila mtu anamsingizia mwenzake.

Bibi aliibana kwa pasi ya nguo,
ile ya kola za babu za Jumapili,
amefunga sandwichi kwa karatasi ya bucha.
Tss. Mkate ukalia, jibini ikachungulia pembeni.
Kwa hiyo babu alinukia nguruwe misani
na sisi watoto tulikula wanga wa kola.

Binamu zangu wa Miami huitoa salami.
Wanasema haikuwahi kuwemo.
Nawapenda. Siwaalikii chakula cha mchana.

Nyumba imeuzwa Machi hii.
Kabla ya kukabidhi funguo nilinunua mkate supamaketi,
nikauvua plastiki yake, nikauchomeka msumarini,
nikarudi hatua tatu kutazama.
Ukajikunja taratibu, laini kama soksi,
ukachanika,
ukaanguka.

Msumari ulibaki umenyooka vilevile,
na chembe moja nyeupe kwenye ncha.
Niliilamba.
Kutu, na sukari.